Hawa Watu Hula Nini?

Ilikuwa baada ya isha, stima imerudi nusu saa tu, na mimi nimeketi dakani na laptopu mapajani kwa sababu ndani hakukaliki kwa joto. Kwenye kioo, watu wangu tisa walikuwa wakinyatia maficho ya majambazi msituni. Mtoto wa kaka yangu, wa miaka minane, alikuwa ameniegemea begani akila mabuyu, vidole vyekundu, na mimi namwomba Mungu asiguse kibodi.

Mlinzi wa kwanza nilimwangusha kwa mshale. Wa pili alikuwa amesimama kando ya moto, amenipa kisogo. Dakika nne baadaye kambi nzima ilikuwa imelala chini na mimi nahesabu ngawira: viatu, panga mbili, na dinari za kununulia nafaka ya wiki.

"Ami, hawa watu hula nini?"

Nikacheka. Nikamwambia hawali, ni gemu tu.

Akanyamaza akitafuna. Kisha akasema, "Basi moto ni wa nini?"

Mama yake akamwita alale, akaenda zake. Mimi nikabaki na ule moto.

Kambi isiyo na jungu

Wanaosoma blogu hii wanaijua Bannerlord, gemu ya vita vya farasi na panga, na wanajua nimekuwa nayo tangu ilipotolewa ikiwa bado haijakamilika, Machi 2020. Kwa hiyo sirudii mambo ya Calradia, nchi ya kubuni ya gemu hiyo, na wafalme wake. Nataka kusema juu ya maficho tu, tena katika toleo kuukuu ninalochezea mimi, kwa sababu laptopu yangu haibebi zaidi.

Mnaujua utaratibu. Unaiona alama kwenye ramani. Unangoja usiku. Unachagua watu wachache, maana jeshi zima haliruhusiwi, na unaingia kwa miguu. Unawamaliza kwa mafungu mafungu hadi unamfikia mkubwa wao, naye anakuuliza kama mtapigana ana kwa ana au wote kwa pamoja. Mara ya kwanza moyo ulinidunda. Mara ya tatu nilikuwa hodari. Mara ya kumi nilikuwa napigana huku nawaza kama nimelipia maji.

Na siku chache baadaye wanaota tena palepale, kama uyoga.

Baada ya swali la yule mtoto nilirudi kwenye kambi ileile, safari hii nikitembea tu kati ya mahema. Kuna moto. Kuna magogo ya kukalia, mapipa, masanduku. Hakuna jungu. Hakuna mahali pa kuteka maji. Hakuna kijia kilichokanyagwa na watu wanaokwenda kujisaidia. Ni watu waliosimama gizani miaka na miaka, wananingoja mimi nije kuwaua.

Nilijaribu kujifariji kwamba gemu zote ziko hivyo. Manor Lords, ile iliyoanzwa na Greg Styczeń peke yake na kutoka Aprili 2024, nayo ina kambi za majambazi. Angalau kule wanakuibia vitu vya kijijini kwako, na ukiwashinda unachagua hazina iende kwa watu wako au mfukoni mwako. Hilo chaguo nalipenda. Lakini kambi yenyewe bado ni mkoba wenye panga. Unaufungua, unatoa pesa, unaondoka.

Wiki tatu niliona jungu lisilokuwepo kila nilipofumba macho.

Kuongeza maji kwenye mchuzi

Modi za gemu hii, yaani mabadiliko anayoyaandika mchezaji mwenyewe, si kazi ya kutisha kwa anayejua C#, lugha ya programu, kidogo, na mimi najua kidogo hasa. Nikafungua faili, nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya kwanza: nikaongeza. Majambazi zaidi. Silaha bora. Mkubwa wao nikampa deraya ya mnyororo na shoka la kutisha.

Nikacheza. Ule uchovu ulikuwa uleule, sasa ukichukua dakika kumi na moja badala ya nne.

Nikafuta yote usiku uleule. Mchuzi ukikosa chumvi, kuongeza maji hakuusaidii.

Dago

Kilichonifungua macho sikukipata kwenye kompyuta. Nilikuwa forodhani nikitazama vijana wakipakia mashua kwenda dago, kambi ya wavuvi, na nikaona wanachopakia kwanza.

Mitungi ya maji.

Nilikwenda dago mara yangu ya kwanza nikiwa na miaka kumi na nne, wakati wa kaskazi, na marehemu baba, upande wa Kiwayu, kaskazini mwa Lamu. Nilidhani tunakwenda kuvua. Siku mbili za mwanzo sikuugusa mshipi. Nilichimba mchanga kutafuta maji yasiyo chumvi sana, nikakata kuni, nikafunga matanga yaliyochakaa yawe kivuli, nikatandika makuti ya kuanikia ng'onda, samaki wa kukausha. Ugomvi wa kwanza dagoni haukuwa wa samaki. Ulikuwa wa sukari. Mtu mmoja alikuwa akitia vijiko vinne, na nahodha akasema hatuwezi kumaliza bamvua zima, siku zote za maji makubwa, na mtu wa vijiko vinne.

Baba alinifundisha kusoma dago kutoka baharini. Ukiwa mbali, jua linazama, unahesabu mioshi. Moshi mmoja mnene ni watu wengi wanaokula pamoja, wana nahodha wanayemheshimu. Mioshi mitatu myembamba ni watu waliokosana. Usipoona moshi kabisa jioni, ama wamehama, ama kuna jambo, na hapo unashuka taratibu.

Alinifundisha pia kwamba dago halijai watu saa zote. Maji yakiwafaa wanatoka wote, anabaki mpishi na mgonjwa. Anayetaka kuiba dagoni hahitaji ushujaa, anahitaji kujua maji.

Nilirudi nyumbani karibu mbio. Miaka yote hii nilikuwa najua kambi ni kitu gani, na sikuwahi kuiingiza kwenye gemu kwa sababu niliamini mambo ya gemu ni ya Ulaya na mambo ya dago ni ya Kiwayu.

Walipokufa wote

Basi nikawapa njaa.

Kila kambi nikaiwekea ghala la chakula. Wakipora msafara, ghala linapanda. Siku zikipita bila mapato, linashuka. Likishuka sana wanakwenda mbali zaidi, wanajihatarisha, wanaacha kambi na walinzi wachache. Nikawapa na saa zao: alfajiri wawili wanakwenda kuteka maji, jioni wanapika, na siku ya uporaji nusu yao hawapo. Ukiingia wakati huo utawashinda kwa urahisi, lakini wale nusu watarudi, watakuta majivu, na watafuata nyayo zako.

Nilijiona bingwa. Nikampa rafiki yangu mmoja ajaribu, mtu wa bara ambaye tumecheza pamoja tangu zamani. Akarudi baada ya siku mbili na uso wa mtu aliyeuziwa samaki wa jana.

"Umetengeneza gemu ya watu wanaokufa njaa porini," akasema, "na mimi hata sijashuka kwenye farasi."

Alikuwa na haki. Kufikia siku ya sitini ya mchezo hakukuwa na kambi hata moja Calradia nzima. Amani tupu. Misafara inapita ikiimba.

Nikapandisha namba, nikashusha namba. Kambi zikawa ama zinakufa zote ama zinafura bila mwisho. Wiki nzima hivyo. Nikakaribia kuacha.

Siku ya Ijumaa, tukiwa tumekaa barazani Langoni, hapa Lamu, baada ya swala, nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa dago maisha yake yote: dago hufa vipi? Sikumwambia habari ya gemu, angenitoa barazani.

"Dago haliuawi na ndaa, mwanangu," akasema. "Samaki si wapo? Dago huuawa na kukosa tajiri."

Asiyetoka pwani hii huenda hajui tajiri ni nani dagoni. Ni yule mwenye boti ya barafu. Anakuja kununua, analeta unga, mafuta, betri za kurunzi, wakati mwingine amekukopesha hata wavu. Asipokuja siku nne, unabaki na samaki wengi wanaooza na huna unga. Unakufa katikati ya neema.

Nikaona kosa langu. Jambazi anapora marobota ya nguo, na nguo hailiwi. Anapora chuma, na chuma hakiliwi. Kati ya robota na sahani ya chakula kuna mtu, na mtu huyo hakai porini. Anakaa mjini, ana nyumba nzuri, na watu wanamsalimia.

Tajiri wa kambi

Bannerlord tayari ina watu wa aina hiyo, ndio maana nilijipiga kofi. Mijini kuna wafanyabiashara na wakubwa wa magenge, vijijini kuna wazee wa kijiji na wenye mashamba. Hao ndio wanaokupa vijana uwaandikishe jeshini. Nikaipa kila kambi tajiri mmoja miongoni mwao, asiyejulikana mpaka umtafute.

Gemu ikageuka usiku mmoja.

Sasa ukivunja kambi na tajiri yupo, itaota tena, na safari hii kuota kwake kuna sababu: mtu anawahitaji. Ukimbana tajiri, kambi inalegea bila wewe kuchomoa upanga. Lakini kumbana kuna gharama. Mara ya kwanza kulifuata robota lililoibwa hadi mwisho, nilimkuta ni yule mzee wa kijiji aliyekuwa akinipa vijana wake bora wa kurusha mishale. Nusu ya jeshi langu lilitoka mkononi mwake. Nikabaki mbele ya kioo kama mtu aliyekuta kiatu cha jirani chumbani kwake.

Nikamwacha. Nasema kweli. Nilimwacha, nikaendelea kuchukua vijana.

Kisha nikashughulikia kule wanakotoka. Katika gemu, ukimfukuza askari ili kupunguza mishahara, anayeyuka. Katika historia hawakuwa wakiyeyuka. Uingereza na Ufaransa zilipofanya mkataba wa Brétigny mwaka 1360, maelfu ya askari walikosa kazi siku ileile, hawakuwa na shamba la kurudia, na ujuzi wao ulikuwa mmoja tu. Wakajikusanya wakaendelea na kazi yao bila mfalme. Mwaka 1362, huko Brignais karibu na Lyon, walilishinda jeshi la mfalme wa Ufaransa lililotumwa kuwasafisha. Wakati wa vita, mambo yaleyale waliyowafanyia wanavijiji yalikuwa yakiitwa utumishi.

Kwa hiyo unayemfukuza kwangu hapotei. Anaweza kukungoja kambini, na anakujua jina.

Barabara ya Witu

Nilikuwa nikiyafikiria haya ndani ya basi la Mombasa. Mnaipanda njia ile: boti hadi Mokowe, halafu Hindi, halafu Witu, halafu Garsen. Nimeipita miaka ile magari yakipangwa mstari na kusindikizwa na askari, abiria wote kimya, kila mtu anatazama kichaka cha upande wake. Ndipo nilipojua kwamba kila mara nilipokuwa nikisindikiza msafara wa ngamia kwenye gemu, nilikuwa nautazama kwa macho ya askari. Wa ndani ya basi ni mimi.

Mwaka 1285 mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alitoa sheria pale Winchester: barabara kuu za kwenda miji ya soko zifyekwe futi 200 kila upande, pasibaki kichaka cha kujificha mwenye nia mbaya. Miti mikubwa isamehewe, mradi chini yake pawe peupe. Na bwana wa ardhi asiyefyeka, wizi ukitokea pale, ajibu yeye. Aliyekaa dirishani kwenye basi lile hahitaji kuelezwa sheria hiyo ilitungwa kwa nini. Nimeitia kwenye modi. Kufyeka kunagharimu, wanakijiji wananung'unika kwa kutolewa mashambani, na kambi inasogea kwa jirani yako, ambaye naye anakununia.

Lakini Witu kuna jambo jingine, na hilo lilinikalia vibaya zaidi.

Miaka ya 1860 Ahmed Simba, wa ukoo wa Nabahani uliowahi kutawala Pate, aliukimbia mkono wa sultani wa Zanzibar akaweka makao yake Witu, ndani ya msitu. Waliomkimbilia walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa watumwa waliotoroka mashamba. Watoro. Kwa wenye mashamba, Witu lilikuwa pango la wezi: walisema wanaibiwa ng'ombe, wanaibiwa watu. Kwa aliyetoroka usiku na mtoto mgongoni, Witu ulikuwa mji. Oktoba 1890, baada ya Wajerumani kuuawa huko, Waingereza wakauchoma, na katika barua zao walikuwa wakisafisha uovu. Katika visiwa hivi kila ukoo una upande wake katika hadithi hiyo, na baadhi ya koo zina pande zote mbili chini ya dari moja.

Kambi msituni, ulinzi, moto, watu wenye silaha. Kwenye ramani ya gemu ingekuwa alama ileile nyekundu.

Nikaandika aina ya pili ya kambi. Watoro, waliokimbia bwana aliyechoma kijiji chao. Wana wanawake, wana watoto, wanaiba nafaka na hawagusi nguo. Kwa nje ni sawa na wale wengine.

"Usinipikie huruma"

Nilimwonyesha yule rafiki yangu wa bara kwa furaha kabisa. Alisoma maelezo ya kambi ya watoro, akarudisha laptopu polepole.

"Ndugu yangu," akasema, "usinipikie huruma."

Lazima niseme, yeye na mimi tulianza kucheza gemu hizi pamoja mwaka 2014. Warband, iliyotangulia hii. Ule mwaka wa kafyu, tulipokuwa tunafungiwa ndani magharibi na hakuna la kufanya. Kafyu ilikuja baada ya watu kuuawa Mpeketoni, Juni, na yeye Mpeketoni alikuwa na ndugu wa baba yake. Miaka yote tumeua majambazi wa kwenye kioo pamoja na sikuwahi kumuuliza ilikuwa ina maana gani kwake.

"Mimi nilipenda kwamba hawana nyuso," akasema. "Kwamba wanatoka msituni, na unawamaliza, na basi. Wewe sasa unataka niulize walikula nini."

Sikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia habari za Witu, lakini kuna wakati historia ni utovu wa adabu. Tukanywa kahawa. Akaondoka mapema.

Sikufungua modi siku tisa.

Nilijiuliza kama nilikuwa nimefanya kile wanachofanya waandishi wa gemu wengi wanaotaka waonekane wana busara: kumweka mtoto karibu na moto ili mchezaji ajisikie vibaya. Huo ni ujanja wa bei rahisi, na mtu aliyefikwa anaunusa toka mlangoni. Tena ni uongo wa namna yake. Wapo wanaoingia msituni kwa sababu wamekimbia, na wapo wanaoingia kwa sababu wanataka kuua, na mwenye kuuliwa jamaa zake hana deni la kuwatafutia hao wa pili sababu.

Mioshi

Siku ya kumi nikafuta watoto wote kwenye kambi. Nikafuta na yale maneno ya kuhuzunisha niliyokuwa nimempa mzee mmoja, maneno niliyojivunia sana. Nikafuta hata jina "watoro" kwenye alama ya ramani.

Nikabakisha moshi.

Sasa kambi zote hazina jina unapozikuta. Unachopewa ni kile nilichopewa mimi baharini: mioshi, idadi yake, na saa yake. Wanaopika mchana kweupe hawaogopi kuonekana, au hawana jinsi, wana mgonjwa au mtoto. Wanaowasha kidogo usiku wa manane na kuzima wana sababu ya kujificha. Moto mkubwa usio na harufu ya chakula ni mtego. Unaweza kuuliza kijijini, na mzee wa kijiji atakujibu vizuri sana, hasa akiwa ndiye tajiri. Unaweza kungoja siku mbili ukitazama. Unaweza pia kuingia usiku uleule na watu wako tisa kama zamani, ukawamaliza, na gemu haitakusuta kwa neno moja. Utaona tu kilichokuwa ndani ya jungu.

Ndiyo, jungu lipo. Nimelichora vibaya, linafanana na kofia.

Bado kuna hitilafu nyingi. Askari waliofukuzwa wakati mwingine wanatokea kambini wakiwa na sare yangu na wananisalimia kabla ya kunipiga. Tajiri mmoja alikufa uzeeni na kambi yake ikaendelea kuiuzia maiti yake. Ile sheria ya kufyeka inafyeka hata jangwani.

Juzi rafiki yangu alipita. Hatukuzungumza habari ile. Akaketi dakani, akaivuta laptopu bila kuniuliza, akapanda farasi. Jua la kwenye gemu lilikuwa linazama. Juu ya msitu kukaonekana mioshi mitatu, myembamba.

Akasimamisha farasi.

Akakaa hivyo muda mrefu hata mtoto wa kaka yangu akaja kuchungulia.

"Na maji wanateka wapi?" akaniuliza, macho kwenye kioo.

Nikamwambia kisima bado sijakiandika.

Akaendelea kuuzunguka ule msitu, taratibu, akikitafuta.